Kamba ya Maganda

Mtaani kwetu mfamasia anaitwa Maganda. Jina hilo hakupewa na mama yake, tulimpa sisi, na anajua. Ukijisahau ukamwita hivyo mbele yake, atakutazama juu ya miwani yake, ile iliyofungwa uzi mweusi upande wa sikio la kushoto, halafu atasema, "Naam, nimeitika."

Chanzo cha jina ni kamba. Duka lake ni dogo, watu watano wakiingia wa sita anasubiri barazani. Nyuma ya kaunta, kutoka juu ya jokofu mpaka juu ya mlango wa stoo, alifunga kamba ya kuanikia nguo. Hakuanika nguo. Alibana kwa vibanio maganda matupu ya vidonge. Kila aliyechukua kwake dawa za kuua vijidudu, zile za cheti, aliambiwa: ukimaliza, niletee ganda. Ukileta, analigeuza, anahesabu matundu kwa ncha ya kalamu, anaandika nyuma yake tarehe na kazi yako, kisha analitundika. "Fundi baiskeli." "Mwalimu wa hesabu." "Bibi wa kona." Jina haandiki, wala ugonjwa.

"Ugonjwa ni siri," husema. "Kumaliza si siri."

Feni ikiwashwa, maganda yale yalikuwa yanachakarika kama manyunyu juu ya bati. Watu wazima na akili zao walikuwa wanaingia dukani kununua plasta tu, wanainua shingo kutafuta ganda lao. Fundi baiskeli alikuwa na matatu, akajiona kama mtu mwenye vyeti vitatu vya shule.

Siku moja nilikuwepo kijana mmoja alipoingia na pua imemvimba.

"Daktari, nipe zile dawa za rangi mbili. Nne tu."

"Kwanza, mimi si daktari. Pili, cheti kiko wapi?"

"Cheti cha nini? Ni mafua."

"Mafua na dawa hiyo hawajuani. Ni sawa na kumwita polisi amkamate mtu ambaye hayumo ndani. Akimkosa, atawapiga waliomo. Una vijidudu wema tumboni, wamekukosea nini?"

"Sasa duka gani hili? Linauza hapana tu!"

"Nunua. Hapana haina tarehe ya kuisha muda."

Tulicheka mpaka yule kijana naye akacheka. Aliondoka na limau alilopewa bure kutoka mfuko wa koti jeupe la Maganda. Maana huyu mtu hakunyimi hivi hivi. Atakunyima dawa, lakini atakuuliza umelala vipi, umekula nini, maji unakunywa mangapi, na nani kwako ana homa. Mwisho unatoka huna kidonge hata kimoja lakini unajiona umetibiwa. Wapo waliosema ana mkono wa birika. Si kweli. Ningekuwa mimi ndiye nauza, nikatae kuuza huku duka la stendi linauza kila kitu kwa kila mtu, nisingeweza hata wiki.

Mimi napiga pasi nguo za watu, ndiyo maana ananiita Mama Pasi. Na ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mwanangu akikohoa mara mbili, mimi nimeshavaa viatu. Watoto wangu wawili wakubwa wana kwao. Aliyebaki nyumbani ni kitindamimba wangu, baba yake alizoea kumwita Kitinda na jina likamganda. Alipokuwa na miezi minne alishikwa na homa siku ya mapumziko, maduka yote yamefungwa, nikazunguka naye mgongoni mtaa hadi mtaa nikigonga milango iliyofungwa. Alipona. Mimi sikupona. Tangu siku ile nikaanza kuweka kopo.

Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, lina picha ya farasi kwenye kifuniko. Kila dawa iliyobaki nyumbani iliingia humo. Ya meno ya mume wangu, ya sikio la mkubwa, ya kidonda, ya tumbo. Majirani walipojua, wakaniletea mabaki yao, na wao walipougua wakaja kuchukua. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa anagonga ukuta mara tatu, mimi najua anataka kopo. "Akiba haiozi," nilikuwa nawaambia, na nilijiona mtu wa maana. Maganda hakujua habari ya kopo. Hilo nililihakikisha.

Sasa, kamba yake na kopo langu vilikuwa havipatani. Yeye anataka ganda tupu. Mimi nataka vidonge vibaki. Mtu mwingine angechagua moja. Mimi nilipata njia ya kuvipata vyote viwili.

Ilikuwa hivi. Kitinda anashona sare kwenye karakana. Wako arobaini, na msimamizi wao ana daftari la anayekwenda chooni na muda aliotumia. Basi wasichana wanabana. Wanabana asubuhi, wanabana mchana, na maji hawanywi ili wasilazimike kwenda. Mwanangu akapata maambukizi kwenye mkojo. Zahanati wakamwandikia vidonge vyeupe virefu, viwili kwa siku, siku saba. Maganda alimpa, akamwekea kidole kwenye ganda: "Asubuhi hapa, jioni hapa. Siku ya tatu utajisikia mzima. Siku ya tatu ni mwongo. Usimsikilize."

Siku ya tatu Kitinda akajisikia mzima.

"Mama, mimi nimepona. Vinanichefua hivi."

Nami nikaviona vile vidonge vinane vilivyobaki, vizima, safi, nikaona uchungu kumlazimisha mtu aliyepona kula akiba. Nikakaa kitandani, nikavitoboa kimoja kimoja, tii, tii, tii, nikavifunga kwenye kipande cha kitambaa, nikaviweka kwenye kopo. Siku ya nane nikapeleka ganda. Macho makavu kabisa.

Maganda alihesabu matundu. Kumi na manne. Akafurahi, jamani, akafurahi kama mtu aliyeletewa ripoti nzuri ya mtoto wake. "Ungekuwa mtaa mzima ni wewe, Mama Pasi," akasema, "mimi ningefunga duka nikalime." Akalitundika katikati kabisa, chini ya saa.

Wiki ya tatu ugonjwa ukarudi. Mwanangu akaniambia kwa kunong'ona, kama vile ni kosa lake. Nikamwambia usijali, dawa ipo. Nikampa vile vinane. Ukatulia kidogo, ukarudi. Nikachimba kopo, nikapata vidonge vya njano, vitano, alivyoniletea jirani yangu mumewe alipougua tumbo. Jirani alisema ni dawa kali. Nikampa kimoja kila asubuhi, siku tano. Kila nikimpa namtazama usoni, namgusa paji, nasikiliza anavyopumua. Nilimwangalia kwa macho yote niliyonayo, na yote niliyokuwa nikiyafanya yalikuwa makosa.

Siku ya sita alianguka karakanani, saa sita mchana, kichwa kikilalia cherehani. Wenzake wawili walimleta dukani kwa Maganda kwa sababu ndiko karibu, nami nikaitwa. Nilimkuta kwenye benchi anatetemeka, mkono ameukandamiza ubavuni upande wa mgongo, meno yanagongana.

"Nipe dawa kali kuliko ile," nikamwambia Maganda. "Yoyote. Usinidai cheti leo, tafadhali, huyu ni mwanangu."

"Hapana."

"Unanifanyia hapana mimi?"

"Wewe hasa. Hii imefika kwenye figo, Mama Pasi. Hii si ya kidonge, ni ya hospitali, sasa hivi." Alikuwa ameshachukua karatasi anaandika. Aliinua kichwa, akatazama ganda letu chini ya saa. "Dozi ya kwanza alimaliza, nimeona mwenyewe. Baada ya hapo kuna dawa nyingine yoyote amekunywa?"

Kwenye foleni kulikuwa na watu wanne, bibi wa kona mmoja wao, na bibi wa kona ukimwambia jambo ni kumwaga mchele kwenye kuku wengi. Kitinda akanitazama. Nami nikamtazama, lile jicho la mama ambalo kila mtoto analijua.

"Hakuna," nikasema.

Akaandika: *Amemaliza dozi ya siku saba. Hakuna dawa nyingine.* Akapiga mhuri.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari wa wodi, mwanamke kijana mwenye kalamu tatu kwenye nywele, alisoma ile barua na kusema mfamasia wenu ananirahisishia kazi. Akachukua mkojo upelekwe maabara ukaoteshwe, ijulikane ni kijidudu gani na kinauawa na nini. Majibu baada ya siku tatu. "Wakati tunasubiri," akasema, "kwa kuwa dawa ya kwanza imeshindwa, tunaanza na sindano ya aina nyingine."

Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili asubuhi ilikuwa juu zaidi, na Kitinda alianza kuniita kwa jina la dada yake. Daktari akaja, akaangalia kipimo cha joto, akaangalia mashine ya presha. "Sielewi," akasema. "Ilipaswa kuanza kushuka." Akasema wakiona bado jioni, watamhamishia hospitali kubwa, maana sumu ikiingia kwenye damu mambo yanabadilika.

Nilikaa kwenye kile kiti cha chuma nikijua jambo moja ambalo chumba kizima hakikulijua. Mama yangu alikuwa na msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mtu mwingine, tena mtoto wangu. Nikainuka. Ningeweza kumwambia daktari palepale, lakini sikujua vidonge vile vinaitwaje, na kusema "vya njano" si kusema kitu. Nikaenda nyumbani nusu nakimbia, nikachukua kopo, nikaenda kwa Maganda.

Duka lilikuwa na watu. Aliponiona akauliza, "Binti anaendeleaje?" Nikaliweka kopo juu ya kaunta. Farasi akatazama juu.

"Lile ganda ni uongo," nikasema.

"Ganda lipi?"

"La chini ya saa. Nilivitoboa. Alikunywa siku tatu tu. Vingine niliviweka humu. Na baadaye nikampa humu humu."

Bibi wa kona alikuwepo, bila shaka. Wacha awepo. Maganda aliweka kalamu chini. Alifungua kopo, akatazama ndani kwa muda, kama mtu aliyechungulia kisima akaona nyumba yake chini.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha meno. Au sikio."

"Hiki?"

"Sijui."

"Hiki kimeota ukungu, Mama Pasi."

"Nilijua akiba haiozi."

"Imeoza." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenipigia kelele. "Alikunywa kipi? Vyote, kwa mpangilio."

Nikamwambia. Vyeupe vinane. Kisha vya njano vitano, kimoja kimoja. Pembeni ya kitambaa kulikuwa na kipande cha ganda la vile vya njano, lenye nusu ya jina. Alikisoma akiwa amekisogeza karibu na pua, halafu uso wake ukabadilika.

"Hospitali wanamchoma sindano gani?"

Nilikuwa nimelinakili jina nyuma ya mkono wangu kwa kalamu, herufi moja moja, kwa sababu ya wasiwasi tu. Nikamwonyesha mkono.

"Hawa ni ndugu," akasema. "Kidonge hiki na sindano hii, baba mmoja mama mmoja. Siku tano umevipa vijidudu dawa kidogo kidogo, vimefanya mazoezi. Sasa vinaletewa adui ambaye vimeshacheza naye." Alikuwa anavua funguo msumarini huku akiongea. "Jamani, nafunga."

"Daktari, na mimi dawa yangu ya presha?" bibi wa kona akasema.

"Jioni. Na mimi si daktari."

Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akifunga duka mchana. Tulikwenda kwa miguu, yeye na koti lake jeupe, kopo kwapani, mimi nyuma yake nikishindwa kumfikia. Njiani hakunisema. Alisema tu, "Tembea, Mama Pasi, utalia tukifika."

Wodini aliongea na daktari pembeni ya kitanda, dakika chache, kwa maneno ambayo nusu sikuyaelewa. Daktari akachomoa kalamu moja kwenye nywele, akakata mstari kwenye karatasi ya Kitinda, akaandika dawa nyingine chini yake. Kisha akanigeukia. Nilijiandaa kutukanwa.

"Asante kwa kusema," akasema. "Wengi hawasemi."

Hapo ndipo nikalia.

Kesho yake homa ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena ikabaki chini. Mchana Kitinda aliomba maji, akaniita mama. Majibu ya maabara yakatoka. Maganda alikuja baada ya kazi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaifungua ile karatasi magotini ili nione. Ilikuwa na orodha ndefu ya majina ya dawa, na kila moja na alama yake.

"Hii, vile vyeupe: imegonga mwamba. Hii, vya njano: mwamba. Ndugu yake wa sindano: mwamba. Hii pia, hii pia." Kalamu yake ilishuka polepole, na kila iliposhuka moyo wangu ulishuka nayo. "Hii anayochomwa sasa: inakubali. Hii ya kunywa: inakubali. Mbili nyingine chini. Basi."

"Ni mimi niliyevifanya viwe sugu?"

Alifikiri. Huyu mtu hakuongopei ili ulale vizuri. "Sijui. Labda alivipata vikiwa sugu tayari, vinatembea siku hizi, mtu hadi mtu. Lakini kopo lako lilikuwa linavilisha. Hilo najua."

Kitinda, macho ameyafumba, akasema, "Mama na farasi wake."

Mgonjwa yule alikuwa anamcheka mama yake. Nikajua anapona.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kamba. Nilipopita dukani wiki ile kumpelekea shati alilosahau kwangu, nilimkuta amesimama juu ya stuli anabandua vibanio. Maganda yote, mia na kitu, kwenye boksi. Ukuta ulibaki mtupu, na rangi yake ilionekana ilivyokuwa zamani, mstari mmoja mweupe kutoka jokofu mpaka mlangoni.

"Kwa nini?" nikauliza. "Kosa ni langu peke yangu."

"Baada yako amekuja jirani yako wa ukuta mmoja, na mfuko wa mabaki ya vidonge. Baada yake mwalimu wa hesabu." Alishuka taratibu, magoti yake hayako sawa. "Fundi baiskeli matatu yake yote ni uongo, amekuja kuniambia akiwa ameshika kofia. Nilikuwa nahesabu matundu, Mama Pasi. Miaka sita nahesabu matundu. Sikuwauliza watu."

Sijawahi kumwona na huzuni kiasi kile. Nilitamani kumkumbatia lakini mtu mzima humkumbatii dukani kwake. Nikampa shati lake, nimelikunja vizuri na kola imesimama.

"Mlikuwa mnaniogopa?" akauliza.

"Tulikuwa tunataka utufurahie," nikasema. Ndiyo ukweli.

Alipapasa ile kola. Kisha akasema, "Wewe unapeleka nguo nyumba ngapi kwa wiki?"

"Ishirini. Ishirini na mbili."

"Na wasiwasi bado unao?"

"Huo hauishi, Daktari."

"Mimi si daktari. Basi tuutumie. Ulikuwa umeufungia kwenye kopo bure."

Sasa nikipita na nguo zangu, mtu akiwa kwenye siku ya tatu ya dawa, nami nimeombwa na mwenyewe nimkumbushe, nabisha hodi. Sihesabu kitu. Nauliza, "Unajisikiaje?" Akisema amepona, namweleza habari ya Kitinda na figo lake. Bibi wa kona ananiita Siku ya Tatu, na analipenda sana jina hilo alilolitunga. Kopo lilikwenda hospitali kuchomwa pamoja na dawa zake, farasi na kila kitu, sikutaka kurudishiwa.

Kitinda alitoka baada ya siku saba za sindano, akapewa za kunywa za siku saba nyingine. Karakanani wasichana walipeleka malalamiko kwa pamoja na lile daftari la chooni likaondolewa, ingawa msimamizi bado anatazama saa. Chupa ya maji iko pembeni ya cherehani yake.

Kidonge cha mwisho alitaka akinywee dukani. Ilikuwa asubuhi, duka limejaa. Alikitoa mwenyewe kwenye ganda, tii, akakitia mdomoni, Maganda akampa glasi ya maji. Akameza. Akamwekea ganda tupu juu ya kaunta.

"Hutundiki?" akauliza.

"Situndiki tena. Toa ulimi."

"Nini?"

"Ulimi, binti. Juu. Kushoto. Kulia."

Kitinda akatoa ulimi, watu wote wakicheka, na Maganda akavaa miwani vizuri, akachungulia pande zote kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Akaridhika. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mama Pasi."

"Mimi? Mimi sijanywa dawa yoyote!"

"Najua. Nataka kuona kama hujakificha hapo."

Foleni nzima ilikuwa inanitazama, na bibi wa kona alikuwa mbele. Nikafungua mdomo.